Fimbo ya Mdogo Wangu Mthailandi Niliivunja Mimi

Admin, ficha jina langu, ila stori usiipunguze. Najua hata ukificha, watu wa Etobicoke, mtaa wetu hapa Toronto, watanijua kwa maneno tu, maana huku hakuna mwanaume mwenye mdomo kama wangu. Nina miaka arobaini na sita, mke mmoja, watoto wawili. Shule niliishia kidato cha pili, mimi na mwalimu tulichokana siku moja. Lakini dunia nimeitembea. Nimekaa Durban, nimekaa Muscat, sasa mwaka wa kumi na moja niko Toronto, na kote huko sijawahi kukosa kazi wala rafiki.

Mimi ni fundi kwenye klabu ya snuka. Kwa msioijua, ni kama pool ya mtaani, ila meza ni kubwa kama chumba cha kupanga na wachezaji wanavaa vizibao kama maharusi. Natandika kitambaa cha meza, nakipiga pasi, ndiyo, meza inapigwa pasi, na nabandika kile kingozi cha kwenye ncha ya fimbo. Kwa kubandika kingozi, Toronto nzima mwenyewe ni mimi. Hapo sijisifu, nawapa taarifa.

Mwaka juzi akaja kijana wa Kithailandi, tumwite Somu. Sasa ana miaka ishirini na mbili. Ni mchezaji wa kulipwa, mashindano yake yako Uingereza, Toronto anafikia kwa mama yake mdogo. Mwembamba, mkimya, anafanya mazoezi masaa manane kwa siku bila kusema neno. Nikamwonea huruma nikamleta nyumbani, mke wangu akapika pilau, kijana akala sahani tatu. Tangu siku hiyo ananiita Pi, kwao ndiyo kaka mkubwa. Fimbo yake alichongewa na marehemu baba yake akiwa na miaka tisa. Hakuna anayeruhusiwa kuishika. Mimi tu.

Januari hii zilibaki wiki mbili aende kucheza mechi kubwa. Akishinda anabaki kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa, akishindwa ametoka. Akaniletea fimbo nibadilishe kingozi. Akaniambia, "Pi, Jumatatu naichukua. Tafadhali usiiache kwenye gari, mbao na baridi haziivani."

Jumamosi nikaalikwa birthday Pickering, kwa Mtanzania mwenzetu mwenye meza ya pool kule chini ya nyumba. Nikasema leo wataniheshimu, nikaibeba. Tumekula, tumesimulia, masaa matatu fimbo imelala kwenye buti la gari, baridi ya kuchoma pua. Nilipoikumbuka nikaikimbilia, nikaiegemeza kwenye hita ipate joto, kama mtoto mchanga. Mimi fundi, ninayejua mbao ikitoka baridini haipelekwi motoni, nilifanya hivyo! Halafu nikaanza mbwembwe zangu: "Hii imecheza mbele ya Waingereza, nyie kaeni mbali!"

Jamaa mmoja akasema, "Mzee, piga basi, mdomo hauingizi mpira."

Nikapiga kwa hasira. Nikasikia tak, kasauti kadogo kama njiti ya kiberiti. Chini ya ile pete ya shaba inayoshika ncha ya fimbo, ufa mwembamba kama unywele.

Nikacheka nao ili wasijue. Kwenye gari nililia.

Jumapili nikaingiza gundi, nikapiga msasa, nikapaka nta, nikabandika kingozi kipya. Fundi ni fundi, ufa hata mimi sikuuona tena. Jumatatu Somu akapiga mipira mitatu, akasimama.

"Pi, sauti imebadilika."

"Kingozi kipya hicho, mdogo wangu. Kipe siku kumi, kitazoea."

Akaunganisha viganja, akainama. Alinishukuru, jamani.

Mechi niliitazama klabuni kwenye simu. Mipira ambayo huwa anaiingiza akipiga miayo ilikuwa inagonga pembeni na kurudi. Kila akikosa haangalii fimbo, anaangalia mkono wake. Bado akapambana wakalingana, ikabaki fremu ya mwisho, yaani raundi ya kuamua. Akainama kupiga, kisha akasimama akanyoosha mkono: kizibao chake kimegusa mpira. Refa hakuona. Mpinzani hakuona. Ila mchezo huu ndivyo ulivyo, ukikosea unajisema mwenyewe, na ndivyo baba yake alivyomlea. Zamu ikaenda kwa mpinzani, akashinda, mambo yakaishia hapo. Nami nikazima simu, mimi niliyekosea na sijasema.

Amerudi amekonda. Ananionyesha mkono wake, "Pi, mkono umekufa. Daktari anasema mzima, lakini mimi najua. Labda kipaji sikuwahi kuwa nacho, baba alinipenda tu." Alhamisi anarudi kwao kwenye gereji ya mjomba wake, kupaka magari rangi. Anasema meza hataisogelea tena maishani.

Mke wangu nilimwambia yote. Akasema, "Baba Nasra, mtoto wa watu anajiona kilema kwa ajili ya mdomo wako."

"Nikimwambia atanichukia."

"Akuchukie. Atakuchukia akiwa na mkono wake."

Ni kweli. Lakini nikimwambia, ndiyo siku atakayojua kwamba fimbo ya baba yake ilishavunjika na kaka yake ni mwongo. Vyote kwa pamoja.

Jana amekuja kuaga. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Kabla sijafungua mdomo, akaniwekea lile boksi refu la fimbo yake mapajani. "Pi, ichukue wewe. Wewe ndiye uliyeitunza."

Mimi, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kukosa la kusema, nikasema, "Ahsante."

Boksi liko nyuma ya mlango, watoto nimewakataza kuligusa. Ndugu zangu wa page hii, matusi nimeyastahili, nitukaneni kwanza mmalize. Halafu mnisaidie, maana Alhamisi sio mbali na mdomo wangu wote huu umekauka: nikifika mlangoni kwake, neno la kwanza niseme lipi?