Molasi kwenye Trei za Kuvu

Mama yangu hawezi kukipa kiumbe chochote chakula kisicho na utamu. Sisi watoto tulikunywa uji wenye sukari mpaka meno yakaoza, na ng'ombe wake hakuwahi kuwekewa mabua bila molasi. Hapa Kitengela wafugaji wengi hufanya hivyo wakati wa kiangazi. Unakatakata mabua ya mahindi, unanyunyiza molasi iliyochanganywa na maji, na ng'ombe anadanganyika anakula. Hilo nililijua tangu utotoni. Ila kwamba huruma yake ingefika hadi kwa kuvu, nani angeota?

Nafanya kazi katika kiwanda kidogo kando ya barabara ya kwenda Namanga. Tunakuza kuvu kwenye matangi, nayo hututolea vimeng'enya vya kulainisha chakula cha mifugo. Mvua ilipokataa kwa msimu wa pili, ng'ombe wa mwisho wa Mama alibaki mbavu tupu. Huyo alikuwa mtoto wa ng'ombe aliyenisomesha kwa maziwa yake, na Mama aliapa hatamuuza. Nyasi hazikupatikana kokote, yalikuwepo tu mabua makavu yaliyoletwa kutoka Loitokitok. Nikaomba mbegu ya kuvu kazini, nikaipanda kwenye trei za mabua yaliyochemshwa, nikazipanga stoo. Maji yake tungeyakamua na kuyanyunyizia mabua mengine yalainike, ili ng'ombe apate nguvu ya kungoja mvua. Mimi nikishinda kazini, Mama ndiye alikuwa akizirashia trei maji.

Kuvu hii ina hesabu zake. Ukiiacha na mabua peke yake, hutoa vimeng'enya vichache vya kuonja. Vikimega sukari kidogo kutoka kwenye bua, sukari hiyo ndiyo habari kwamba humu mna chakula kilichofungwa, na jeni za kutengeneza vimeng'enya zinawashwa. Lakini ikikuta sukari rahisi imeshaandaliwa, jeni zizo hizo huzimwa. Ya nini kuvunja bua na tumbo limeshiba?

"Hii kitu yako iko na njaa," Mama aliniambia ilipokuwa bado nyembamba. Nilicheka.

Baada ya siku chache trei zilijaa weupe mnene, mzuri ajabu. Mama alimwita jirani yetu Mmaasai aje aone. "Sidai oleng," jirani akasifu, na Mama akatabasamu vile sikuwa nimemwona akitabasamu tangu kiangazi kianze. Mimi pia nilifurahi, sitakataa.

Tulipokamua, nilitumbukiza kipande cha karatasi kwenye yale maji, kama tunavyopima kazini. Vimeng'enya vingekuwemo, kingelegea na kuchanika. Kilitoka kizima. Ndipo nikaona mtungi wa molasi nyuma ya mlango wa stoo. Kila siku Mama alikuwa akiichanganya kwenye maji ya kurashia.

Hakukuwa na muda wa kupanda upya. Ng'ombe hakuweza tena kusimama mwenyewe, alikuwa ameshaanza kuinuliwa kwa kamba, na wiki hiyo mchinjaji alikuja na pikapu. Mama aliingia ndani asimwone akipakiwa.

Jioni hiyo aliniuliza imekuwaje. Nilimweleza kwa upole, neno kwa neno, sukari na jeni na kila kitu. Natamani angekuwa mgumu wa kuelewa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe mimi ndio niliizima."

Nilimwambia hapana, ni kiangazi. Nilimwambia hata bila molasi pengine tungechelewa. Aliitikia tu kwa kichwa.

Mvua ilirudi, na boma sasa limeota nyasi ambazo hazina wa kuzila. Mama bado hupika chai kwa sufuria ileile. Zamani sukari iliingia humo bila mtu kuulizwa, upende usipende, na nililalamika miaka yote. Siku hizi huja hadi mlangoni na kijiko mkononi, anasimama.

"Niweke," ananiuliza, "ama nitaharibu?"

Namwambia aweke, Mami, aweke nyingi. Anaweka kidogo.