Papa Alipohamia Nyuma ya Kamera

Enzi zetu pale Songo, mtaa wa Uvira, avenyu nzima ilikuwa na televizyo moja tu, ya Mama Zaina, muuza vitenge. Jioni ya mchezo wa kuigiza aliitoa barazani, akawasha jenereta, nasi watoto tukajipanga chini kwenye mchanga, mikono bado inanuka ndagala, dagaa wa ziwani, tukimwogopa Papa.

Ndiyo, papa wangu mwenyewe, baba aliyenizaa. Kwenye mchezo alikuwa mume mkali anayempiga mke wake kwa mkanda. Nyumbani ndiye aliyetutolea miiba ya samaki kabla hatujala. Lakini shuleni wasichana walikataa kuruka kamba nami, na siku moja sokoni Sange mwanamke muuza mchele alimshika Papa shati.

“Ni weye unapigaka bibi yako! Hata haya hauna?”

“Mama, ile ni teatre tu,” Papa akacheka.

Yule mama hakucheka. Alimmwagia maji machafu mbele ya watu wote. Tulipofika nyumbani, Mama yangu akamwita kwa jina langu.

“Baba Esperance, tafuta kazi ya kukaa nyuma ya kamera. Minye nimechoka kuhurumiwa.”

Hivyo Papa akawa realizatere: yeye aongoze, wengine waonekane. Mchezo wake wa kwanza ulihusu askari anayerudi kwao baada ya vita. Askari huyo alikuwa Tonton Kashindi, kama mjomba kwetu, rafiki yake wa tangu utoto, mcheshi ambaye akipita tu avenyu yetu, watoto tulimfuata tukicheka. Mama Zaina alimshonea sare. Wakati wa likizo tulikwenda kuwatazama wakipiga picha katikati ya mashamba ya mpunga, tukila mihogo ya kuchoma, na Papa akipaza sauti kama mwalimu wa kuimbisha. Sijamwona na furaha ile tena.

Jioni moja, kazi ilipoisha, Tonton Kashindi alipanda moto, pikipiki ya abiria, arudi kwake.

“Vua kwanza hizi manguo,” Papa akamwambia, akiionyesha ile sare.

“Nitavulia kwetu. Mvua iko inakuja.”

Njiani watu wenye bunduki waliwasimamisha. Mwenye moto waliyemwachia ndiye aliyekuja kwetu kusimulia.

“Alibaambia, ‘Minye niko aktere.’ Bakamwambia, ‘Basi cheza, tuone.’ Akacheza. Bakacheka sana. Kisha bakamupeleka mu pori.”

Hakurudi. Hata mwili wake haukupatikana.

Picha zake zilikuwa zimekamilika, na mkewe, Mama Neema, ndiye aliyemwomba Papa azionyeshe. Jioni hiyo baraza la Mama Zaina lilijaa. Mwishoni askari alifika kwao, akabisha mlango, akangoja. Mama Neema akainuka katikati yetu.

“Mumufungulie basi!” alipiga kelele. “Iko anabisha! Mumufungulie!”

Mama Zaina akazima jenereta. Papa alikuwa ameshatoka, na kamera hakuigusa tena.

Leo vijana wa Uvira wanajipiga picha kila pembe ya ziwa, wanajiita maaktere kabla hawajajua kusema jina lao vizuri. Wanangu wana simu, kila mmoja na yake, kila mmoja na kicheko chake. Zamani tulicheka wote, tukalia wote. Siku hizi Papa anakaa katikati yao sebuleni, anageuka huku na huku kila anaposikia kicheko, na hakuna anayemwonyesha kinachochekesha.