Bunju wa Marehemu

Mume wangu alikuwa gadi wa treni ya Kigoma, na kila aliporudi safari alikuja na kitu. Wenzake walileta mawese na migebuka, samaki wa ziwani. Yeye aliniletea mara chumvi ya Uvinza, mara mkeka, na siku moja akaingia amekumbatia kopo la maziwa ya unga lililojaa maji, anatembea kwa hadhari kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na samaki wawili wa manjano wenye michirizi ya kahawia mgongoni, kila mmoja hazidi kidole changu cha mwisho. Aliwanunua kwa wavuvi, pale treni inaposimama karibu na mto Malagarasi.

"Kitoweo hiki?" nikamuuliza. "Hata paka hashibi."

"Wa kutazama," akasema.

Haya, wa kutazama. Miaka ile unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, tunaupangia foleni, bomba linatoa maji likijisikia, na mwanamume mzima ananiletea samaki wa kutazama. Nilimsema mpaka jioni. Mimi nina mdomo, sijawahi kukataa, na dawa yake yeye ilikuwa kucheka.

Akatafuta sanduku la kioo. Mwenye duka mmoja pale mtaani alikuwa amefunga biashara baada ya majumba kutaifishwa, anauza vitu vyake ahame, na juu ya kaunta palikuwa na sanduku la kuwekea kashata na visheti. Fundi wa vioo akaliziba viungo lisivuje. Mume wangu akatandika mchanga aliouosha mpaka maji yakatoka meupe, akapanda majani ya majini, akaliweka sebuleni karibu na dirisha. Maji ya kisima aliyatuliza kwanza kwenye mtungi, na kila wiki alipunguza ya zamani akaongeza mapya. Jirani yetu, bibi mmoja mwenye asili ya Bagamoyo, alikuja kuangalia akashika kiuno. "Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni," akasema. "Huyo kwetu anaitwa bunju. Ana sumu huyo, msije mkamla."

"Nani kakwambia tunamla?" nikamjibu. Nilishaanza kuwatetea, bila kujijua.

Wale wawili hawakupatana. Waling'atana mapezi mpaka mmoja akafa, akabaki mmoja, bwana mkubwa peke yake. Macho yake yalizunguka kila moja kwa njia yake, hili linakutazama wewe, lile linatazama mlango. Akikasirika alituna kama andazi. Mume wangu akirudi safari, kabla hajavua kofia ya kazi, samaki alishafika kwenye kioo anatikisa mkia. Mimi niliyeshinda naye wiki nzima hakunijali.

Chakula chake kilikuwa konokono wadogo, na kabla ya safari aliachiwa wa kutosha mle sandukuni. Mume wangu aliwafuata kwa baiskeli kwenye majaruba ya mpunga huko Ntalikwa, akarudi na matope mpaka magotini. Alimdondoshea mmoja. Samaki alimzunguka, akamkagua kwa jicho moja, kisha akauma, na sisi tuliokaa mkekani tukasikia ganda linavunjika: ka. Mume wangu alicheka kila mara, kama ndiyo kwanza asikie. Mimi nilidhani ni mchezo tu. Naye hakunieleza zaidi, kwa sababu hakujua kwamba kuna siku watamlisha wengine.

Masika moja alirudi na homa, na hakupanda treni tena. Tulimzika siku ya Ijumaa. Mungu hakutujalia mtoto. Watu walipotawanyika baada ya hitima, katika nyumba ile kilichokuwa chake na bado kinapumua kilikuwa mimi na yule samaki. Nilimwambia Mungu, waziwazi kabisa, kwamba huyu mmoja aniachie.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Kwa sisi watu wa mjini Tabora, mjane anayekaa eda hatoki nje ovyo, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake hamuoni. Aliyebaki kukaa nami ni shangazi wa marehemu, aliyekuwa amekuja kumwuguza, mama mtu mzima aliyemlea mume wangu tangu alipofiwa na wazazi akiwa mdogo. Babu yake shangazi alifika mji huu na msafara, kabeba mzigo kichwani kutoka pwani, na shangazi alikuwa na ile tabia ya nyumba za wasafiri: mtu hakai na njaa mbele yake. Alinilisha mimi uji nisioutaka. Na siku ya kwanza alipomwona samaki amesimama kwenye kioo anatazama mlango, alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Anamngoja baba yake," akasema. "Maskini, yatima huyu."

Basi ikawa hivyo. Wanawake waliotoka kulima Ntalikwa walituletea konokono kwenye kopo, na shangazi akakaa chini na kinu kidogo cha kitunguu saumu. Aliwavunja mmoja mmoja, akatoa maganda yote, akaponda nyama laini kabisa, akamdondoshea kwa ncha ya kidole. "Yatima hapewi kitu kigumu," alisema. Siku konokono walipokosekana alimpondea dagaa waliolowekwa. Mimi nilimwona mtu mwema. Mwenzangu wa sandukuni alikuwa amenenepa, na mimi nilipata usingizi kidogo kwa kujua kwamba ameshiba.

Eda yangu ilikuwa inakaribia kwisha samaki alipoanza kuacha chakula. Alikuja kwenye kioo kama kawaida, akakimbilia nyama, akaigonga kwa mdomo, ikamponyoka. Tumbo likaanza kubonyea. Tulimbadilishia maji. Shangazi akaponda laini zaidi, akamsomea na dua. Nilishinda nimepiga magoti mbele ya lile sanduku, nikimsihi ale kidogo tu, na alinitazama kwa jicho moja bila kuondoka.

Wakati huo akaja rafiki wa mume wangu, dereva wa treni, aliyekuwa naye siku samaki waliponunuliwa. Alipiga hodi. Shangazi akamkaribisha abaki barazani, mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia.

"Shikamoo mama. Na shemeji poleni. Nimepita kuwajulia hali."

"Marahaba mwanangu. Sisi wazima. Ila samaki wa marehemu hali chakula."

"Konokono anapata?"

"Anapata sana. Tena tunamtolea maganda."

Kisha yule bwana akasema taratibu, kama mtu anayetafuta pa kukanyaga, "Mama, wavuvi walituambia yule lazima ale na ganda lake. Meno yake yanakua kama kucha. Ganda ndilo linaloyapunguza. Asipotafuna kigumu, yanaziba mdomo."

Nilisogea kwenye kioo nikamtazama mdomo. Yalikuwepo, meno mawili meupe marefu, yamepishana mbele kama mkasi uliokwama. Kila siku nilikuwa nayaona, nikidhani ndivyo alivyo.

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Niliyaandaa maneno yote, na yangemwangukia shangazi mara tu yule mgeni akiaga. Lakini shangazi aliingia bila kunitazama. Alichukua kopo, akachagua konokono mdogo kuliko wote, mzima na ganda lake, akamdondosha. Samaki alimzunguka. Akamkagua. Akauma, na meno yakateleza juu ya ganda bila kulivunja. Akarudia tena na tena, na sisi wawili tumesimama pale, mpaka akachoka akashuka mchangani.

Alikufa kesho yake asubuhi. Nilimtoa mimi kwa kijiko nikamweka kwenye sahani. Yale maneno yangu bado yalikuwa mdomoni. Shangazi alikaa chini mkekani, na kinu kile mapajani mwake, akasema huku anakitazama:

"Mwanangu alipoumwa, wewe ulitaka apelekwe hospitali siku ile ile ya kwanza. Mimi nikasema aachwe apumzike. Nikasema kitanda cha hospitali kigumu, chakula chao kibaya, nitamwangalia mwenyewe hapa. Nikampa uji, nikamkanda, mpaka hali ikawa ile." Halafu akaniuliza, "Na yeye nilimfanya hivihivi?"

Nilimtazama yule mama. Alikuwa amemzika mtoto aliyemlea. Mimi, mwenye mdomo wangu, nikakaa chini karibu naye nikamwambia, "Hapana, shangazi. Siku yake ilikuwa imefika."

Akaitikia kwa kichwa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila tulipoonana aliniomba nimwambie tena.