Zake Safi, Zangu Chakavu

Watu wa mtaa walimwita Bi Funguo, na wengi wao hawakujua kwa nini. Jina lilitoka kazini. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mtumishi wa kampuni ya simu, idara ya vibanda, na kazi yake ilikuwa kuzunguka mjini na shada la funguo kiunoni, akifungua visanduku vya sarafu chini ya simu za barabarani na kuvimwaga ndani ya mfuko wa turubai. Alisikika kabla hajaonekana. Mkuu wake wa kazi alikuwa akisema kwamba mama huyu hawezi kumfumania mtu hata siku moja.

Simu za vibanda ziling'olewa zamani, funguo alizirudisha ofisini akatia saini, jina likabaki. Sasa alikuwa mjane wa miezi minane, ameketi kwenye meza ya chakula ya nyumba iliyokwisha kupata mnunuzi, na mbele yake zimepangwa sarafu mia nane na ushei. Hakuna hata moja aliyoitamani.

Jumamosi gari lingekuja kumhamishia kwa binti yake. Binti alikuwa amesema vizuri tu: "Mama, chumba chako kipo, ila kabati utagawana na mjukuu wako. Sarafu zitakazoenea kasha moja la viatu, karibu. Chagua unazozipenda, nyingine uuze." Neno la busara. Shida ilikuwa hapo kwenye kupenda. Tangu mazishi Bi Funguo hakuwa amedondosha chozi, na watu walimsifu kwamba amejikaza, kumbe hakujikaza hata kidogo. Alikuwa amekufa ganzi. Alikula kwa sababu saa imefika, alioga kwa sababu maji yamechemka, na binti akipiga simu kumuuliza hali alijibu, "Nipo." Hakuwa anadanganya. Alikuwepo.

Kitu kimoja kilimtia wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ulikuwa wa mbali. Mtu asiyehisi joto hapewi sufuria aipue. Akiuza leo kwa kuwa hajali, je, siku atakapojali? Maisha yake mazima yalikuwa pale mezani, na sarafu ikishaingia mkoba wa mnunuzi hairudi.

Mkusanyo ule ulikuwa wa watu wawili. Marehemu mumewe alikuwa fundi saa, na mtaani hakuwa na jina jingine. Alikuja ofisi ya simu kurekebisha saa ya ukutani, akamkuta binti wa funguo anachambua mapato ya siku. Kampuni haikutaka sarafu za kigeni, vipande vya bati wala zile zilizotobolewa na kufungwa uzi na wajanja ili zivutwe baada ya maongezi. Amri ilikuwa zitupwe. Binti alizitia mfukoni. Na akiona ya nchi yake lakini ya zamani, aliibadilisha na ya kwake, thamani kwa thamani, mbele ya mkuu wa kazi. Fundi Saa alishuka ngazi, akaiangalia moja, akasema, "Hii ninayo. Yangu safi zaidi." Ndiyo posa yenyewe. Hakuwahi kusema maneno mengi kuliko hayo kwa mkupuo mmoja, na wakwe walimwona bwana mwenye kiburi.

Walipooana, mikusanyo nayo ikaoana, na karibu kila sarafu ikawa na pacha. Za mume zilinunuliwa kwa wauzaji, zikiwa na sura kali na nywele za wafalme zinahesabika. Zake yeye Bi Funguo zilikuwa zimepita mifuko elfu, wengine wamebaki na pua tu. Za mume zililala kwenye trei zenye kitambaa laini. Za mke zilikaa katika vibahasha vya karatasi ambavyo Fundi Saa mwenyewe alivikata na kuvigundisha, maana alikuwa mtu wa kusema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Ijumaa jioni alimuuliza, "Hii kibanda gani?" Naye akiwa jikoni alijibu, cha hospitali, cha sokoni, cha kituo cha polisi. Mume aliandika. Mwandiko wake ulikuwa wa kutengenezea saa, herufi ndogo kama mchanga, na Bi Funguo hakuwahi kuhangaika kuusoma. Atasoma nini, na yeye ndiye aliyesema? Hata vibanda vilipong'olewa walibaki na debe zima la sarafu zisizopangwa, na Fundi Saa aliendelea nazo, Ijumaa baada ya Ijumaa, nne nne, tano tano, mpaka alipolazwa.

Kulazwa kwenyewe kulichukua wiki tatu. Daktari alimwita mke pembeni akamweleza, huku mgonjwa ametazama ukuta. Na hilo ndilo lililomkwama Bi Funguo rohoni. Yeye aliyeweza kushika sarafu mia kwa kiganja na kuitoa ya bandia kwa uzito tu, alilala kitanda kimoja na mtu anayekwisha, asijue. Kila usiku alipitia miezi ya nyuma akitafuta alipozembea. Suruali zilizolegea, chakula kilichobaki sahanini, ile tabia ya kukaa kitako katikati ya ngazi. Aliviona vyote, na kila mara mume alisema ni uzee. Baada ya mazishi aliacha hata kutafuta.

Kwa hiyo alichagua kanuni, kwa kuwa kanuni haidai moyo. Wakusanyaji wote wanaijua: ukiwa na mbili, bakiza iliyo safi, uza iliyochakaa. Safi zilikuwa za mume. Basi za mume zitabaki, zake zitakwenda. Ilimchukua dakika tano kuamua.

Mnunuzi alifika saa nne. Alikuwa bwana mnene, mpole, mwenye kupumua kwa sauti, na alizishika sarafu kwa kingo, vidole viwili.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Zinazouzwa ndizo hizi za kwenye bahasha. Za trei zinabaki."

"Umechagua vizuri. Za trei hata mimi nisingeziachia." Alivuta kiti. "Hizi zimechoka, lakini zina watu wake. Wanaoanza hawaogopi sura iliyofutika. Bahasha sizihitaji lakini, nitazimwaga. Mteja anataka kuiona sarafu uchi."

"Mwaga."

Akamwaga. Sarafu zilirundikana upande wa kulia, bahasha tupu kushoto, na Bi Funguo alizikusanya bahasha zile na kuzipanga ili zikatupwe vizuri. Hivyo ndivyo miaka ishirini na saba ya kazi yake ilivyopita mbele ya macho yake, na yeye akiwaza kama gesi itatosha mpaka Jumamosi.

Katikati ya kazi mnunuzi alichukua bahasha moja akaiweka chini ya lenzi yake. "Nione tu kama kaandika mwaka," alisema. Akasoma. Akasoma tena, akacheka kidogo puani. "Mama, huyu mzee hakuwa anaandika namba peke yake."

"Kaandika nini?"

"'Kibanda cha sokoni. Leo kaunguza maziwa, kasema ni jiko.'"

Bi Funguo alinyoosha mkono akapewa lenzi. Alisogeza bahasha mpaka herufi zikasimama. Kweli, ilikuwa pale, chini ya tarehe. Alichukua nyingine. *Kibanda cha stendi. Karudi na malengelenge, viatu vipya. Nilimwambia.* Nyingine. *Kibanda cha mahakama. Kanuna tangu asubuhi. Kosa langu.* Nyingine ilisema binti yao kaota jino na mama mtu kawaamsha majirani wote kuwaonyesha. Mume ambaye ukimwomba akwambie kama nguo imekupendeza angejibu "inakutosha," alikuwa amekaa meza hii hii miaka yote akimwandika mkewe.

Mtu mwingine angelia. Yeye alisoma kama anayesoma habari za jirani. Aliona kwamba ni jambo zuri, kama mtu anavyoona mvua kupitia dirishani, na akaendelea, kwa kuwa mnunuzi bado alikuwa na boksi mbili. Alizisoma za boksi la mwisho, lile la debe, za miaka ambayo vibanda havipo tena na swali la Ijumaa lilikuwa la kukumbushana tu. Moja ilikuwa na maandishi marefu kuliko nyingine. Alisogeza lenzi polepole.

*Kibanda cha hospitali. Leo daktari kasema ni ini, halina dawa. Sijamwambia. Anaimba jikoni.*

Aliirudia tarehe. Kisha akampa mnunuzi asome yeye, ile tarehe tu, kwa sababu aliona macho yanamdanganya. Mnunuzi akasoma. Bi Funguo akahesabu kwa vidole, miezi kwa miezi, mpaka siku ya mazishi. Ilikuwa miaka miwili na mwezi mmoja.

Hakuzembea. Hilo ndilo lililomjia kwanza. Alifichwa, na aliyemficha ni yule yule aliyekuwa akisema ni uzee huku akimwangalia usoni. Halafu likaja jingine nyuma yake, na kwa kuwa hakuwa amehisi kitu kwa miezi minane, alichelewa kulitambua. Ilikuwa hasira. Miaka miwili alipika, akalalamikia bei ya mafuta, akagombana naye kwa sababu ya bomba linalovuja, akalala mapema akamwacha sebuleni peke yake, na siku zote hizo zilikuwa zinahesabika na mmoja tu ndiye aliyekuwa akizihesabu.

"Zirudishe zangu," alisema.

"Samahani, mama?"

"Zangu zinabaki. Chukua zake. Trei zote."

Mnunuzi aliweka sarafu chini. Alikuwa mtu wa haki, tumpe sifa yake. "Mama, za trei ndizo ulizosema zinabaki. Ndizo za maana. Afadhali upumzike, nirudi kesho. Mtu hauzi vitu vya marehemu akiwa na hasira."

"Asubuhi sikuwa na hasira wala furaha, nawe ulikuwa unazimwaga zangu bila kuniambia nipumzike."

Mnunuzi alifikicha pua, akavuta trei ya kwanza, akaanza kuandika upya, na alilipa bei ambayo haikumwaibisha. Mlangoni aliuliza kama angependa kubakiza japo moja ya mzee kwa kumbukumbu. Bi Funguo alisema asante, kumbukumbu anazo. Sarafu zake zilibaki rundo moja mezani, zimechanganyika, na isingewezekana tena kujua ipi ilitoka bahasha ipi.

Binti alikuja saa kumi na maboksi matupu ya kufungashia. Alimkuta mama yake amesimama, jambo ambalo hakulitegemea, na nywele zimemtimka.

"Umemaliza kuchagua, mama?"

"Nimemaliza. Za baba yako nimeuza."

"Za baba?" Binti aliweka maboksi chini. "Si ulisema zile ndizo nzuri?"

"Ndizo nzuri. Nimemkasirikia baba yako, nikaziuza."

Binti alimtazama mama yake kwa hofu, akiwaza labda huzuni imempanda kichwani. Bi Funguo hakumweleza. Alikwenda kwenye droo ya marehemu akatoa lenzi yake ya jichoni, ile ya kufungulia saa, akampa pamoja na bahasha. "Soma."

Binti alikwenda dirishani. Alisoma mpaka mwisho, na bega lake halikushtuka. Hakuuliza ni daktari gani, wala hakuitazama tarehe mara ya pili. Alishusha lenzi, akaikunja bahasha kwenye mkunjo wake wa zamani, taratibu mno, na hakugeuka.

"Na wewe ulijua," mama alisema.

Binti aliiweka bahasha kwenye kizingiti cha dirisha.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi ule ule." Binti alikuwa bado anaongea na kioo cha dirisha. "Nilimpeleka mimi. Aliniapisha, mama. Alisema ukijua utaacha kuimba."

Bi Funguo aliketi. Ile hasira ilikuwa bado ipo, tena sasa ilikuwa na watu wawili wa kugawana, lakini chini yake kitu kingine kiliachia, na machozi yakaanza kutoka bila kuomba ruhusa, mengi, ya miezi minane. Hakuyafuta. Binti aligeuka na kumkimbilia, naye akamzuia kwa mkono.

"Usinibembeleze. Jumamosi nitakuja kwako, sina kwingine, na hasira nitakuja nayo." Alisogeza kiti cha pili kwa mguu. "Kaa hapo. Uniambie alisema nini siku hiyo, neno kwa neno, na usinifichie hata moja."