Masikio ya Refa

Bisibisi hakuwa adui wa mashine. Hapo ndipo watu walipomkosea, hasa wale waliomsikia redioni Jumamosi asubuhi akizichambua simu mpya bila huruma, utadhani zimemvunjia heshima. Ukweli ni kwamba alizipenda kupita kiasi. Akiletewa kifaa kipya ndani ya boksi alikifungua taratibu, akakinusa, akakipima uzito kiganjani, uso ukimnawiri kama mkunga aliyepokea mtoto salama. Nyumbani kwake meza ya chakula ilikuwa na nafasi ya sahani mbili tu. Kwingine kote zilitapakaa nyaya, betri, saa zilizofumuliwa na spika zisizo na vifuniko. Wenzake kazini ndio waliomwita Bisibisi, na jina likamganda mpaka ukimwita dada huyu kwa jina la kuzaliwa hageuki.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa ufundi wa sauti katika kituo kidogo cha redio, ghorofani juu ya duka la magodoro. Kipindi cha Jumamosi alikipata kwa bahati, siku mtangazaji wa zamu alipopatwa na mafua na sauti ikakauka. Bisibisi aliingia studio kuziba pengo, na kwa kuwa hakuwa na la kusema, akaanza kulilalamikia birika lake jipya la umeme.

"Birika linataka namba yangu ya simu," aliwaambia wasikilizaji. "Nimeliuliza, ya nini? Unataka kuleta posa? Mimi nataka maji ya moto tu, basi."

Simu zikamiminika. Kila mtu alikuwa na birika lake. Tangu siku hiyo kipindi kikawa chake, na akawa anaeleza mambo mazito kwa lugha ya jikoni: televisheni inayotega sikio sebuleni, saa ya mkononi inayopeleka mapigo ya moyo wako kwa watu usiowajua, masharti marefu kama sanda ambayo sote tunabonyeza "Nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja. Alisema hana ugomvi na kampuni kutengeneza vitu vizuri. Ugomvi wake ulikuwa na kampuni inayokuuzia kitu huku imebaki na mkono wake ndani.

Aliishi na baba yake. Mzee alikuwa refa wa mpira tangu ujana mpaka magoti yalipomgomea, na mtaa mzima ulimwita Refa. Masikio nayo yalikuja kumtupa mkono, kidogo kidogo. "Nimetukanwa na viwanja vizima," alikuwa akisema. "Masikio yamechoka, yameomba kustaafu."

Bisibisi mwenyewe ndiye aliyemchagulia mashine za kusikia. Zilikuwa vidude viwili vidogo kama maharagwe, vya kukaa nyuma ya sikio, na zilirekebishwa kwa programu ya simu. Daktari wa masikio alizipanga vizuri: mpangilio mmoja wa nyumbani, mwingine wa kusikiliza redio, na mwingine wa kwa kinyozi, ambako Refa na wastaafu wenzake walibishana kuhusu penalti za zamani mpaka kinyozi akatishia kuwanyoa upara wote. Mzee alirudi kuwa mtu wa watu. Bisibisi alizisifu mashine zile hata redioni, na alizisifu kwa moyo wake wote.

Asubuhi moja, Refa akiwa anakunywa chai, programu ilijisasisha yenyewe. Simu ikatoa ujumbe kwamba aina ile ya mashine imefikia mwisho wa huduma, na kwamba mteja anakaribishwa dukani kuona toleo jipya. Mipangilio yote ilikuwa imefutika. Mashine zilibaki na sauti moja tu, iliyopandisha kila kitu kwa pamoja. Kijiko kikigusa kikombe, Refa anaruka. Bomba la maji likifunguliwa, binti yake hasikiki. Alivumilia siku kadhaa, kisha akazivua, akaziweka kabatini ndani ya kikombe, na kwa kinyozi hakwenda tena.

Bisibisi alikwenda dukani. Msichana wa kaunta alimpokea kwa adabu tele.

"Hazijaharibika, dada. Zimepitwa na wakati tu."

"Baba yangu naye amepitwa na wakati," Bisibisi akamjibu. "Naye mtamzima?"

Msichana aliinamisha macho. Halikuwa kosa lake, na Bisibisi alilijua hilo, kwa hiyo alimwomba radhi, akaondoka. Nyumbani alizifungua mashine mezani kwake. Ndani kila kitu kilikuwa kizima. Tatizo halikuwa waya wala betri. Mashine zilikubali amri kutoka kwa programu ya kampuni peke yake, na programu ilikuwa imeambiwa isitoe amri. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alishika kifaa kizima mkononi akashindwa kukisaidia. Alizifunga tena, akazirudisha kikombeni.

Jumamosi iliyofuata alilisema jambo lile hewani, mwanzo hadi mwisho, bila kuongeza chumvi. Simu za studio hazikupumua; wenye mashine kama zile walikuwa wengi. Mshonaji mmoja alisema siku hizi anawauliza wateja vipimo kwa kuandikiana. Mama mmoja alisema mwanawe ameacha kunyoosha mkono darasani, na mwalimu anadhani ni uvivu. Bisibisi aliwaomba wote waje ukumbi wa maktaba, na walipokuja viti havikutosha. Pale pale wakakubaliana kupeleka malalamiko kwenye baraza la kutetea watumiaji wa bidhaa, na daktari wa masikio akajitolea kuwa shahidi.

Meneja wa redio alimwita ofisini. Alikuwa mtu mwema mwenye wasiwasi mwingi.

"Punguza moto, dada yangu. Hao wa mashine ndio wanaodhamini taarifa yetu ya habari ya asubuhi."

"Nimesema uongo wapi?"

"Hujasema uongo. Ndiyo maana inauma."

Haikupita wiki, ofisa wa mawasiliano wa kampuni akafika mwenyewe kituoni. Alikuwa mwanamke nadhifu, mcheshi, asiye na haraka. Alimpa pole kwa yaliyompata mzee. Kampuni, alisema, ingependa kumpa Refa mashine mpya kabisa na kuzihudumia maisha yake yote. Bisibisi naye angetia saini kwamba halizungumzi tena suala hili, redioni wala barazani.

"Na wale wengine?"

"Tumekuja kwa ajili ya baba yako."

Bisibisi alisimama, akamfungulia mlango. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea kifua mbele. Alimkuta baba yake barazani mwa nyumba, akaketi karibu na sikio lake la kulia, lile lenye nafuu, akamhadithia yote kwa sauti ya juu. Alitegemea mzee acheke, ampige begani.

Refa hakucheka.

"Masikio ni ya nani?" akauliza.

"Baba, walitaka kuninunua."

"Nimekuuliza, masikio ni ya nani?"

"Ni yako, Baba."

"Sasa wao wameyafunga bila kuniuliza. Na wewe umeyakatalia bila kuniuliza. Tofauti yenu nini, mwanangu?"

Mzee aliingia chumbani akarudisha mlango. Kesho yake alikunywa chai ameupa ukuta uso. Bisibisi alifua, akapika, akapanga nyaya zake ambazo hazikuwahi kupangwa. Miaka yote amewahubiria watu kwamba mwenye kitu ndiye mwenye uamuzi. Kumbe mwenye masikio alikuwa nyumbani, mwendo wa dakika chache tu, naye hakuona haja ya kumsubiri.

Jioni alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Nimekosa, Baba. Ukizitaka, nitawapigia simu sasa hivi. Nitatia saini, na nitanyamaza. Sitakulaumu hata moyoni."

Refa alimsoma midomo, akapata maneno yote.

"Yule mtoto wa shule, naye watampa?"

"Hapana. Ni wewe peke yako."

Mzee alikuna kidevu. Alikuwa anazitaka, hilo lilionekana usoni wazi kama mchana. Alitaka ubishi wa kwa kinyozi, alitaka redio yake, alitaka kusikia mlango ukigongwa.

"Basi ulikataa kwa haki," alisema mwishowe. "Mimi sijawahi kupokea kitu kwa timu moja mechi ikiendelea. Sitaanza uzeeni. Nipeleke huko barazani. Lakini safari nyingine uniulize kwanza."

"Nitakuuliza."

"Sema tena, sijasikia."

Alikuwa amesikia. Alikuwa anacheka.

Siku ya shauri chumba kilijaa mpaka mlangoni. Bisibisi alimkalisha baba yake mbele na kumwekea kishikwambi chenye programu ya kugeuza maneno kuwa maandishi, ili afuate. Programu ilikosea hapa na pale. Wakili wa kampuni aliposema "wateja wetu wapendwa," kioo kikaandika "wateja wetu wapandwa," na Refa akaguna kwa sauti kwamba kwa mara ya kwanza mtu yule amesema kweli.

Wakili hakuwa mjinga. Alieleza kwamba sauti ikipandishwa ovyo huweza kuliumiza sikio zaidi, kwa hiyo kampuni haiwezi kumwachia kila mtu funguo za mashine zake. Watu wakanong'ona, maana hoja ilikuwa na uzito. Daktari wa masikio alikubali kwamba hatari ipo. "Ndiyo sababu kazi hii tunaifanya sisi kliniki," alisema. "Tulikuwa tunaifanya vizuri mpaka mlipotufungia."

Bisibisi naye hakupaza sauti. Alisema wanachoomba ni viwili: programu irudi kama ilivyokuwa, na kliniki zipewe njia ya kuzipanga mashine zenyewe, ili kampuni ikichoka kesho au ikifunga duka, mtu asiachwe kiziwi akiwa na mashine nzima sikioni.

Kisha mwenyekiti wa baraza, mama mmoja wa makamo mwenye miwani mizito, akamuuliza Refa kama ana la kusema. Refa alisoma swali kwenye kioo, akasimama. Alitoa mashine mfukoni, akaifuta kwa kitambaa safi, akaisogeza mezani.

"Mheshimiwa, nakuomba uivae kidogo."

Wakili alinyanyuka kupinga. Mwenyekiti alimwashiria akae, akaweka mashine sikioni. Karani akafunga faili. Mtu nyuma akasogeza kiti. Mama yule aliruka, akaikwanyua sikioni kama aliyeumwa na siafu.

"Hivi ndivyo unavyosikia?" aliuliza, na Refa akasubiri maandishi yatokee.

"Nikivaa, ndivyo. Nisipovaa, simsikii ila anayenipigia kelele sikioni. Nimeachiwa nichague kati ya hayo mawili, na zamani nilikuwa nasikia vizuri kwa mashine hiyo hiyo. Sina zaidi."

Akaketi. Bisibisi akamshika mkono.

Uamuzi ulichelewa, na katika kuchelewa huko Bisibisi alinyang'anywa kipindi. Meneja alimwambia akiangalia dirishani. Walimwachia kazi ya ufundi, na Jumamosi ya kwanza alikaa nyuma ya kioo akimrekebishia sauti kijana wa muziki aliyepewa muda wake. Iliuma, tena sana. Akitoka hapo alikwenda moja kwa moja ukumbi wa maktaba na kuendelea na kipindi bila mitambo: watu kwenye viti, vifaa vyao mapajani, na yeye mbele amesimama na birika lake. Mtunza maktaba alilalamika kwamba wanacheka mno. Wiki ya pili alikuja na simu yake mwenyewe.

Baraza lilipoamua, liliamuru programu irudishwe kwa wote wenye mashine za aina ile, na kliniki zipewe uwezo wa kuzipanga. Amri ya kwanza kampuni ilitii. Ya pili iliikatia rufaa.

Mipangilio ya zamani haikupatikana tena, ilibidi kuanza upya, na masikio ya Refa yalikuwa yameshuka zaidi. Daktari alifanya kazi taratibu, akipandisha hapa na kupunguza pale, akimuuliza kila mara. Mwishowe Refa aliinua mkono.

"Hapo. Hapo hapo, usiguse."

"Unasikiaje, Baba?" Bisibisi aliuliza kwa sauti ya kawaida, akiwa nyuma yake.

"Nasikia una mafua. Na hukusema."

Siku ile ile alikwenda kwa kinyozi, akarudi amekasirika kwelikweli kwa sababu ya penalti iliyopigwa kabla binti yake hajazaliwa. Bisibisi alimwandalia chai huku akisoma hati ya rufaa ya kampuni, kalamu mkononi, akipiga mstari chini ya kila neno aliloona linakwepa.

"Safari hii," Refa alisema akivuta kiti, "niandikishe niseme wa kwanza."

"Kwa nini wa kwanza?"

"Ili nikimaliza nikae niwasikilize wanavyojibu. Sasa nitawasikia."