Mabehewa ya Baba

Juzi nilikwenda msibani Lindi mjini, kwa afisa mmoja mstaafu. Ndani ya kabati la vioo, kando ya maua ya plastiki, niliyaona mabehewa aliyoyaunda marehemu baba yangu kwa makopo ya samaki, yenye magurudumu ya vifuniko vya soda.

Baba alifanya kazi kwenye reli ya kusini mpaka ilipong'olewa. Nilipokuwa mtoto, alasiri moja afisa huyo alitutembelea; tulitandaza reli za mianzi uani kwetu, tukayapanga mabehewa yote kumi na mawili ili mgeni ayaone. Jirani alikuwa anachoma korosho, nami niliamini moshi ule mchungu ndio wa treni.

"Haya lazima wakubwa wayaone," alisema yule afisa.

Kwetu mgeni akisifu kitu, unampa. Baba akayafunga kwenye kanga ya mama. "Yachukue, mheshimiwa. Waambie reli yetu ilikuwa hivi."

Nilidhani wakubwa wakishayaona, treni itarudi. Nilifagia zile reli kila jioni mpaka mchwa wakazimaliza. Baba hakuniambia niache.

Pale msibani, mtoto wa yule afisa marehemu aliniona nimeganda mbele ya kabati.

"Mzee aliyatengeneza mwenyewe hayo," akasema. "Alikuwa na mikono ya ufundi."

Nikampa pole. Kisha nikatoka kukaa mkekani na wenzangu, na dua iliposomwa, sikuitikia amina.