Hodi Kwenye Shimo la Saba

Mama Hodi aliishi ndani ya uwanja wa gofu, karibu kabisa na shimo la saba, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuona maana ya mchezo wenyewe. Watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, wanapiga kimpira kwa fimbo, halafu wanahangaika kukitafuta kule walikokipiga wenyewe. Kama wanakipenda kiasi hicho, si wangekaa nacho mfukoni?

Nyumba ilikuwa mali ya klabu. Marehemu mumewe alikuwa mkata nyasi pale, na alipofariki wakubwa wa klabu waliamua mjane asisumbuliwe, akae mpaka siku yake ifike. Ulikuwa uamuzi wa utu, ila hakuna aliyewafikiria wachezaji ambao mipira yao hukimbilia kushoto. Hao walikuwa wengi kupita kiasi. Mipira ilimshukia uani kama mvua: kwenye beseni la kufulia, kwenye kiota cha kuku, na siku moja ndani ya sufuria ya maharage iliyokuwa motoni.

Kwa hiyo kanuni za uwanja, zile zilizobandikwa kwenye ubao mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo, zilianza kuota matawi. Viwanja vingine vina kanuni za mitaro na vichuguu. Hapa ubao ulisema kwamba ua wa mama ni sehemu ya uwanja, na mpira ulioingia humo utachezwa pale ulipo. Mchezaji atapiga hodi kwanza, wala hatainua fimbo kabla ya kukaribishwa. Shuka lililoanikwa linaweza kuinuliwa, lakini lisianuliwe. Mpira uliolaliwa na kuku utasubiriwa hadi kuku ainuke kwa hiari yake. Na mchezaji akiambiwa akae, atakaa, na wanaomfuata watangoja bila kununa.

Hiyo ya mwisho haikuandikwa kwa mzaha. Mama Hodi alikuwa na benchi chini ya dirisha, birika lisilopoa, na ulimi usiojua likizo. Mteja wake mkubwa alikuwa Daktari wa Meno, mtu mpole sana na mchezaji mbovu kuliko wote klabuni. Kila Jumamosi mpira wake ulipita kando ya bendera ya shimo kwa mbali na kwenda uani moja kwa moja, utafikiri umetumwa.

"Hodi."

"Nani tena huyo?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umempiga kuku wangu tena?"

"Hapana, mama. Leo ni ndoo."

"Afadhali. Hebu kaa. Mbona umekonda hivyo? Nyumbani hawakupi chakula?"

Daktari akikaa, chai inamiminwa, na huku chai ikimiminwa Mama Hodi anaanza kulalamika. Wachezaji wamemchosha. Hana nafasi ya kupumua. Mashuka yake yana alama za vidole vya watu asiowajua. Alilalamika kwa mlinzi wa getini, kwa wapishi wa klabu, na kwa yeyote aliyesimama karibu naye muda wa kutosha.

Katibu mpya wa klabu alikuwa mtu mwema, na balaa lilianzia hapo. Alimsikia mama akilalamika, akaamini kila neno. Wiki haikupita, vigingi vyeupe vikachomekwa kuuzunguka ua, na ubao ukapata kanuni mpya: ndani ya vigingi ni nje ya mpaka. Mpira ukiingia humo umekufa, mchezaji atapewa adhabu na kupiga mwingine, na atakayevuka vigingi atatolewa mchezoni. Alikuja mwenyewe kumpa habari, meno yote nje.

"Mama, tumekusikia. Hakuna atakayekusumbua tena."

"Mungu akubariki, mwanangu," akajibu Mama Hodi. Utamjibu nini mtu aliyekutendea wema?

Jumamosi iliyofuata alichemsha chai kama kawaida. Mpira wa Daktari wa Meno ulikuja kama kawaida, ukagonga mlango wa choo. Mama Hodi akajiweka sawa kwenye benchi na kununa tayari. Daktari akafika, akasimama nyuma ya kigingi, ncha za viatu zikiwa mpakani kabisa.

"Shikamoo, mama," akasema kwa mbali.

"Marahaba. Njoo uchukue huo mpira wako."

"Nikivuka wananitoa, mama."

Akapunga mkono na kwenda zake. Wakapita wengine, nao wakapunga. Chai ikapoa. Jioni Mama Hodi alikusanya mipira iliyokufa, akaitia kwenye beseni, akakaa nayo akiitazama. Wanawe walikuwa mbali, simu zao fupi. Alihisi upweke ule ule wa wiki aliyomzika mumewe.

Wazo lilimjia akianua nguo. Asubuhi ya mashindano makubwa, wageni wakiwa bado klabuni wanakunywa chai, aling'oa vigingi vyote, akavipakia kwenye beseni, na akaenda kuvichomeka upya kuzunguka shimo la saba, na bendera yake katikati. Wakata nyasi walimwona. Walimsalimia kwa heshima, na mmoja akamsaidia kugongomea, akidhani mama katumwa na katibu.

Mgeni wa kwanza alipiga mpira mzuri ajabu, ukatua kando ya bendera. Akatabasamu. Mwamuzi wa mashindano, aliyeletwa kutoka nje kwa sababu hapindishi kanuni, akatikisa kichwa.

"Nje ya mpaka. Adhabu. Piga tena."

"Lakini bendera si ile pale?"

"Bendera nayo iko nje ya mpaka."

Akapiga tena, akaadhibiwa tena. Kadiri mtu alivyokuwa hodari ndivyo alivyozidi kuadhibiwa. Wa pili alifika, na wa tatu, na foleni ikajaa mabingwa wasio na pa kwenda. Katibu alikuja mbio, jasho linamtiririka, akaeleza kwamba vigingi vimehamishwa.

"Kanuni yenu inasema mpaka ni vigingi," akasema mwamuzi. "Haisemi nani kavichomeka."

Katibu akageuka kuutazama ua. Haukuwa na kigingi hata kimoja. Angeweza kuingia moja kwa moja, lakini alipofika kwenye kamba ya nguo miguu ikagoma.

"Hodi," akasema.

Akasema tena, kwa sauti zaidi.

"Nani tena huyo?"

"Katibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, watu wanasubiri kule..."

"Kaa."

Akakaa. Nyuma yake mabingwa waliendelea kungoja, na walinuna sana.

"Mama, si ulisema wanakusumbua?"

"Nilisema."

"Si ulilalamika kila siku?"

"Nililalamika. Nilisema wasije? Sasa nitamlalamikia nani, mwanangu? Kuku?"

Katibu alikunywa chai yake yote, akaenda kuving'oa vigingi kwa mikono yake mwenyewe, suti na tai, mbele ya wageni. Kabla jua halijazama kanuni za zamani zilikuwa zimerudi ubaoni.

Jumamosi, Daktari wa Meno alifika shimo la saba, akainua fimbo na kupiga. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mpira ulikwenda moja kwa moja, ukatua kando ya bendera. Wenzake wakampigia makofi. Yeye aliutazama kwa huzuni, kisha akakunja kushoto.

"Hodi."

"Nani tena huyo?"

"Ni mimi, mama. Natafuta mpira wangu."

Mama Hodi alikuwa dirishani. Alikuwa ameuona ulipotua, na hata sasa alikuwa anauona, mweupe pee, pale pale kwenye bendera.

"Mipira yenu itaniua," akasema, akipangusa benchi kwa upande wa nguo yake. "Haya, ingia uutafute."